Korongo Niliyemchelewesha

Mwaka ule mashu yalitushinda. Ni kabichi, lakini hapa Musienene hakuna anayesema kabichi isipokuwa mwalimu akiwa darasani, na mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Malori hayashuki, na wachuuzi wa Butembo wananunua vichwa viwili vitatu huku wakikutazama kwa huruma. Shambani kwangu vilikuwepo vichwa vikubwa kuliko changu, na kichwa changu si kidogo, wanafunzi wangu wa zamani watashuhudia.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu sita, alikuwa Beni, komini ya Ruwenzori, kwa binti yetu wa mwisho aliyejifungua. Aliondoka kwa majuma matatu. Barabara ikafungwa nyuma yake, majuma yakageuka miezi. Kila Jumapili baada ya misa alinipigia simu.

"Papa, usiache mashu ioze. Kausha."

"Mimi? Kukausha mboga?"

"Mutu mwengine iko pale nani?"

Kweli, nani? Akanifundisha kwa simu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kata nyembamba. Chovya ndani ya maji ya moto yenye chumvi, toa mbio. Tandaza juu ya ungo, kivulini, lakini si juani, jua linaua rangi. Huku kwetu juu ukungu unaondoka saa tatu na mvua inashuka saa nane, basi kukausha ni kukimbizana na mbingu. Nilikuwa natandaza, natazama mawingu, naanua, narudisha kwenye uchaga juu ya moto, kesho naanza tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa kidole chenyewe. Jani likivunjika mkononi, alisema, limeisha. Likijikunja, lingali na maji, litaota ukungu na kuharibu gunia zima.

Jirani yangu, mama mmoja mkulima wa viazi, alinichungulia juu ya ua.

"Eh, Mwalimu! Umekuwa mama wa jikoni? Tukupatie kikwembe ujifunge kiunoni?"

"Lete viwili," nikamjibu. "Kimoja cha kujitanda."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Alipoingia kwake, uwanja wangu ulinyamaza tena, na nikajuta sikumwambia neno lingine ili akae kidogo.

Asubuhi moja nilishuka kwenye shamba la maharagi, karibu na matete ya bondeni, nikamkuta korongo amenaswa kwenye waya wa ua. Ni wale wenye taji ya manyoya ya dhahabu. Bawa la kushoto lilikuwa limechanika, damu imeganda. Mwenzake alisimama mbali kidogo, analia. Jirani alinifuata na panga.

"Ile ni nyama, Mwalimu."

"Nyama ni wewe," nikamwambia, nikavua koti langu nikamfunika ndege. Alinidonoa mkono, kovu ninalo hadi leo.

Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na chumvi, nikachana kitambaa nikafunga bawa lake ubavuni. Kumbe nilichochana kilikuwa kikwembe cha bibi yangu cha Pasaka. Sikuangalia. Chakula chake hakikunisumbua, kwa sababu mashu yana viwavi wengi kuliko majani. Nilikuwa nachambua jani, kiwavi kwake, jani kwangu. Tulifanya kazi hivyo kutwa, nikimweleza mambo ya shule ya misioni kule Lubero, ya watoto wangu waliotawanyika, hata ya ugomvi wangu na padri juu ya kengele. Hakunikatiza hata mara moja.

Kila asubuhi ukungu ukiondoka, yule mwenzake alikuja ukingoni mwa shamba akaita. Wangu alijibu kutoka uwanja wa jikoni. Kila mtu wa huku anajua korongo wanaishi wawili wawili. Nilisikia wanavyoitana, nikasema, pole, ngoja kidogo, mtu wako anapona.

Juma la nne nilifungua kitambaa ili nimwoshe. Alitanua mabawa yote mawili, sawa kwa sawa, akayapiga, na mashu yangu yakaruka kutoka ungoni yakasambaa uwanjani. Nitasema wazi: bawa lilikuwa limepona. Niliona kwa macho yangu mwenyewe. Na nikalifunga tena.

Nilijidanganya kwamba apate nguvu kwanza. Uongo mtupu. Niliogopa ule uwanja bila yeye.

Jumapili ya juma lile lile bibi yangu alipiga simu.

"Papa, barabara imefunguka. Batu banapita, askari iko mbele yao. Nikuje?"

Mungu wangu, moyo uliruka. Lakini mdomo ukasema, "Kaa kwanza, saidia mutoto. Mimi hapana shida."

Nilitaka abishane. Huyu mwanamke tulibishana naye juu ya chumvi, juu ya mbuzi, juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, miaka yote. Siku ile hakubishana. "Sawa, Papa," akasema. Jumapili iliyofuata akauliza tena, nikajibu vile vile, safari hii kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Jumapili ya tatu aliuliza habari za mashu tu.

Halafu asubuhi moja ukungu uliondoka na hakuna aliyeita. Wangu aliita kutoka jikoni, akanyamaza, akageuza shingo kusikiliza. Akaita tena. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku ya nne nilichukua wembe nikakata kile kikwembe. Aliruka moja kwa moja mpaka kwenye matete. Nilisimama uwanjani nikalia, mzee mzima, nikasema, sasa nimefanya haki.

Kabla ya mchana alikuwa amerudi. Alisimama karibu na ungo, akingoja viwavi. Kesho yake alishuka tena bondeni, nikamsikia anaita, anaita, akarudi tena. Nilikuwa nimepata kile nilichotaka, na nilishindwa kumtazama usoni. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mjukuu alitangulia, majuto yakamfuata.

Sikungoja Jumapili. Nilipiga simu Beni mimi mwenyewe.

"Mama, rudi nyumbani. Niko peke yangu. Nimechoka kukaa peke yangu."

Nilisikia mtoto analialia, na yeye akimbembeleza kwa Kinande, kwa ule wimbo aliowaimbia wetu.

"Ungesema ile siku," akaniambia mwishowe. "Nilikuwa nimekwisha kufunga mufuko. Mufuko ulikuwa pale mulangoni. Nilikuuliza mara mbili, Papa."

"Na sasa?"

"Sasa mama yake amerudia kazi. Huyu mutoto hapana lala bila miye." Akavuta pumzi. "Na miye pia nimezoea huku."

Mimi niliyewafundisha watoto kusema, nikageukia ungo. Ni yeye aliyenisaidia.

"Mashu imekauka muzuri?"

Nilichukua jani moja kutoka ungoni, nikalisogeza karibu na simu, nikalivunja ili alisikie.

"Imekauka," nikasema.

"Basi ututumie huku."

Nilishona gunia siku ile ile, korongo akiwa amesimama mlangoni.