Shubiri Moja Bila Kushonwa

Nakumbuka siku moja kwenye uwanja wa maonyesho Dodoma, jua la saa nne, mama mmoja alikuja bandani kwangu na beseni kichwani. Ndani ya beseni lilikuwamo shuka langu la viraka, limefuliwa, halijakauka.

Mwanangu, wewe unayeanza kuzunguka na biashara, ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, darasa la saba lenyewe sikumaliza. Nilizunguka kwa mafundi cherehani wa Kariakoo nikiokota vipande vya vitenge miguuni pao. Naviunga, katikati naweka blanketi, chini kitambaa kizima. Likiisha ni shuka zito, la bibi harusi. Halafu napakia kwenye buti la basi: leo maonyesho Morogoro, wiki ijayo Dodoma, baadaye Mbeya. Mvua ikinyesha unafunika mashuka kwanza, wewe baadaye.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Rehema, na namtaja kwa sababu sioni cha kumsitiria. Ndiye aliyesema blanketi la nini, tujaze mabaki ya sponji ya kwenye magodoro.

"Wakifua je?" nikamuuliza.

"Hivi wewe, nani anapasua shuka tumbo aangalie? Acha ushamba, tutaachwa na basi!"

Nikacheka, nikajaza. Hapo siwezi kujitoa, sindano nilishika mimi.

Basi yule mama mwenye beseni tulimuuzia mwaka uliotangulia, palepale Dodoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tia mkono."

Nikatia. Sponji yote ilikuwa imekimbilia pembe moja, imevimba.

"Nililipeleka zawadi kwa wakwe wa mwanangu," akasema. "Wamelifua mara moja tu. Wananiuliza, mama, hili shuka mimba yake ya miezi mingapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamtafuta Rehema kwa macho. Alikuwa anakunja foronya.

"Mama, mashuka ni ya huyu," akasema. "Mimi nauza foronya tu."

Wala sauti haikumtetemeka. Na tulikuwa tunakula sahani moja!

Msimamizi wa mabanda akaja. Akasema mama asiporidhika mpaka saa kumi, nifunge mizigo yangu na nisionekane tena kwenye maonyesho anayosimamia yeye. Nami kazi nyingine sikuwa nayo.

Nikaanza kumlalamikia mama kuhusu Rehema. Akanikata kauli.

"Huyo mwenzako nimemwona. Lakini wewe ulidhani ukishapanda basi sitakupata. Haya, nimekupata. Sitaki hela, nataka shuka la kurudisha kwa wakwe."

Nikalia kidogo, nikachoka kulia. Nikalifumua shuka, nikatoa uchafu wote mbele ya watu, nikalianika juani, nikakimbia sokoni kununua blanketi jipya. Nikashona kwa mkono, vidole vinatoka damu, wapita njia wananitania eti mkunga. Saa tisa na nusu ikabaki shubiri moja tu wazi.

"Hapo simama," mama akasema. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa pembe zote nne, taratibu. "Sasa funga."

Msimamizi akaondoka. Mimi sikuinuka. Nikavuta yale mashuka mengine yaliyobaki, nikaanza kuyafumua moja moja.

Tangu siku ile, kila shuka langu linatoka Kariakoo shubiri moja haijashonwa. Mteja atie mkono kwanza, akiridhika nafunga mbele yake. Rehema leo ana fremu kubwa ya duka, mimi bado nabeba mizigo stendi. Akiniona ananiambia "Mambo?" kana kwamba hakuna kitu. Siitiki. Sijamsamehe, na sitakuongopea kwamba nimemsamehe.

Ninachokuambia mwanangu ni hiki: weka ndani ya kazi yako kitu ambacho huogopi mgeni akishike. Anayekushauri upunje, mwulize kama siku ya beseni atasimama na wewe. Akicheka tu, safiri peke yako. Na ukikosea, usijifiche nyuma ya mwenzako hata kama kweli ndiye aliyekuponza. Fumua hadharani, ushone upya.

Mungu akupe vidole vyenye subira. Na kila mji utakamoteremsha mizigo yako, aliyenunua kwako mwaka jana aje kukutafuta akiwa anatabasamu.