Cholenti Bila Mfupa

Mume wangu Ombeni ni bingwa wa nyama choma. Sisemi mimi, anasema mwenyewe, tena kabla hujamuuliza. Hakuna harusi wala kipaimara cha Watanzania, kuanzia Lanham hadi hapa kwetu Springfield, huku Marekani, ambako hakusimama mbele ya moto na aproni yake akiwafundisha wanaume wenzake namna ya kugeuza mbavu. Ukimkumbusha kwamba yeye ni Mpare wa Usangi aliyekuzwa kwa makande, ananuna. Makande, anasema, ni chakula cha bweni.

Mungu naye ana utani wake. Bwana huyu alipewa mtoto mmoja tu, Bilha, na Bilha alipoanza chuo kule Fairfax akatangaza kwamba hali nyama tena. Ombeni aliupokea kama msiba, ila msiba angalau watu huja kukupa pole. Huu aliuficha. Marafiki wakiuliza mbona Bilha haonekani kwenye choma, alijibu, "Ana mitihani." Mtoto wa watu akawa na mitihani Januari hadi Desemba.

Krismasi iliyopita akaamua kumponya. Alimpikia maharage, akamwapia kwamba hayana nyama, na Bilha akala sahani mbili akisifia. Si angenyamaza? Thubutu! Akapiga makofi. "Umeona? Supu ya mifupa hiyo! Vipande nimevitoa vyote, sasa nyama iko wapi?" Kwa Ombeni, na kwa nusu ya ukoo wetu, nyama ni ile unayoitafuna. Mchuzi wake ni maji tu yaliyopita jirani.

Bilha aliweka kijiko chini. "You lied to me, Dad," akasema, akachukua koti lake na kuondoka, pilau ya sikukuu ikiwa bado inafuka mezani. Fairfax si mbali na kwetu, hata foleni ikichachamaa, lakini hakukanyaga tena. Simu za baba yake hakupokea. Zangu alipokea, na kila nikimtajia kuja nyumbani alisema hawezi kula mahali asipojua amelishwa nini. Iliniuma sana. Nilimkasirikia Ombeni hadi nikampakulia makande wiki nzima, mchana na jioni.

Sasa, kazi ya Ombeni ni kumhudumia Mzee Hersh, mgane wa Kiyahudi anayeishi Silver Spring. Mzee huyo anashika Sabato: jua likizama Ijumaa, hapiki wala hawashi moto. Ndiyo maana ana cholenti, mchuzi mzito wa maharage, shayiri na viazi, unaobandikwa Ijumaa mchana, ukafunikwa, ukaachwa kwenye moto mdogo usiku kucha mpaka mlo wa Jumamosi. Kwa desturi huwa na nyama. Daktari alipompiga marufuku nyama, mzee akasema basi apikiwe ile aliyopika marehemu mkewe miaka ya shida, isiyo na nyama. Mpishi angekuwa nani? Bingwa wetu wa mbavu.

"Maharage na nafaka, sufuria moja, moto mdogo," Ombeni alinieleza aliporudi, uso umemshuka. "Haya ni makande, Mama Bilha! Nimevuka bahari nzima kuja kupikishwa makande!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini alijifunza, kwa sababu mzee ni mkali na hana meno ya kupoteza kwa chakula kibovu. Alimwambia utamu wote uko kwenye vitunguu: viache hadi vikaribie kuungua. Tia uyoga mkavu, vitunguu saumu bila kuogopa, na pilipili ya unga yenye moshi. Ukishafunika, usifunue. Hakuna kuonja, hakuna kuongeza hiki na kile. Kwa mtu kama Ombeni, ambaye kijiko chake huingia hata kwenye sufuria za majirani, hicho kilikuwa kifungo.

Siku moja mwezi wa pili akaniambia, huku akitazama viatu vyake, "Mwambie mtoto aje Jumamosi. Nitampikia cholenti isiyo na nyama."

"Na nani anathibitisha? Wewe?"

 Nilimtumia Bilha ujumbe. Akajibu kwamba atafikiria.

Ijumaa Ombeni aliomba ruhusa kazini. Kwenye baridi ile ya kupasua midomo, akawasha mkaa uani na kupanga juu ya wavu, kwa heshima zote, vitunguu, nyanya na uyoga. Moshi haujafika kwenye paa, jirani yetu Mkenya, Kimutai, akawa ameshatokea na sahani yake. Kimutai hajawahi kualikwa kwenye choma yetu, na hajawahi kukosa. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona akichungulia ule wavu, akishika kiuno kwa kicheko, kisha akatoa simu na kuanza kurekodi. Jua halijazama, video ilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, ambamo hata Bilha yumo ingawa haandiki kitu, na chini yake sura za kucheka zimejipanga. Sikuifungua. Aibu niliyokuwa nayo ilinitosha.

Kila kitu kilipoingia sufuriani, Ombeni akafungua friza. Mle ndani mlikuwa na mfupa mmoja wa ng'ombe, mnene, wenye uloto. Akasimama akiutazama.

"Itakosa ladha, Mama Bilha."

"Bora ikose ladha kuliko ikose mlaji."

Akafunga friza. Akafunika sufuria, akaenda kukaa mbali nayo.

Jumamosi mchana Bilha alikuja. Akakaa mezani na koti lake mwilini, kama mtu anayesubiri basi. Ombeni alipofunua, harufu ya vitunguu vile na moshi ikajaa nyumba nzima, nikameza mate. Bilha hakugusa kijiko.

"Kuna nyama?" akauliza.

"Hakuna."

"Ulisema hivyo last time."

 Siku hiyo nilimhurumia mume wangu. Nilikuwa tayari kuapa kwa niaba yake, lakini Bilha alishatoa simu. Akaiweka katikati ya meza, akaiwasha ile video.

Ombeni huyo, kamasi zinamtoka kwa baridi, anageuza kitunguu kwa koleo. Sauti ya Kimutai: "Woi! Mzee, nyama iko wapi?"

"Nyama hakuna. Bilha wangu hali nyama."

"Aki? Na si ulisema ako na mitihani?"

"Hakuna mitihani. Nilimdanganya mwanangu, akaondoka. Nataka arudi ale."

Kicheko cha Kimutai kikakatika, na video ikaishia hapo.

Ombeni alikuwa akikikodolea macho kitambaa cha meza. Bilha akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Akachota, akala. Akachota tena.

"Tamu, Baba," akasema. "Ila chumvi kidogo."

"Si nilikatazwa kuonja!" Ombeni akafoka. Akaisukuma chumvi kuelekea kwa binti yake, akaomba naye apakuliwe makande.