Kila Kitu Tulimjibu Bibi Sawa

Yule kikongwe nilimsikia kabla sijamwona. Sauti yake ilipenya mabati ya banda la video pale Mabatini, ambako wasichana hatukuruhusiwa kuingia. Aligomba kwa lugha nisiyoijua, na kijana akamjibu kwa Kiingereza. Nikachungulia kwenye tundu la msumari. Kwenye televisheni alikuwamo yeye, pamoja na vijana wa mji mmoja wa Marekani, watoto wa watu waliotoka Meksiko, wamefunga kifungo cha juu tu cha shati. Mfasiri wa banda, ambaye naye hakumwelewa yule kikongwe, akabuni: "Anamwambia, Mmarekani siyo, wa kwetu siyo, sasa wewe nani?"

Kaka yangu alikuwa humo ndani. Nikamsikia akicheka: "Huyo bibi ni wetu kabisa!"

Kweli tulikuwa naye mmoja nyumbani. Bibi mzaa mama aliletwa kutoka Shirati kutibiwa presha, na mama alitaka abaki moja kwa moja. Bibi alijua Kijaluo tu. Sisi tuliozaliwa mjini tulijua Kiswahili tu. Mtaani walituita Wajaluo; tukienda Shirati, watoto wa huko walituita Waswahili. Tangu baba apunguzwe kiwandani alishinda akitafuta vibarua, na mama alishinda soko la Mkuyuni akiuza mitumba, kwa hiyo kutwa nzima bibi alikuwa na sisi, na hakuwa na mtu.

"Oyawore, nyakwara," alinisalimu kila asubuhi. Hilo nililijua: habari ya asubuhi, mjukuu wangu.

"Shikamoo, bibi."

Kisha maneno yake yalitiririka, marefu, na mimi, nimechoka kutoelewa, niliitikia tu: "Sawa, bibi. Sawa." Kaka naye, shati la mtumba kafunga kifungo kimoja kama wale wa video, alipita akisema, "Sawa, bibi mkubwa!"

Jioni moja mama alirudi akamkuta bibi ameshafunga furushi la kanga zake. Waliongea kwa muda mrefu. Halafu mama akanigeukia.

"Leo bibi alikuuliza kitu. Ulimjibu nini?"

"Nilisema sawa."

"Alikuuliza kama mmemchoka, aende zake."

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa Kiswahili. Bibi akanishika kichwa, akasema polepole, mama akitafsiri bila kunitazama: "Simlaumu. Nilijua hakuelewa. Nimewauliza hivyo siku tatu, yeye na kaka yake, jibu ni lile lile. Afadhali niumwe mahali ninapojibiwa."

"Mwambie tutajifunza," kaka akasema.

Mama akamwambia. Bibi akacheka kidogo, kwa uchovu.

"Anasema mkishajua, mwende mkamsalimie."

Asubuhi mama alitangulia na furushi. Bibi alisimama kizingitini, akaniambia jambo, refu, bila haraka. Safari hii sikuitikia. Nilitaka kumwita mama arudi anitafsirie, lakini alishafika barabarani. Bibi akasubiri kidogo, akanitazama, kisha akatoka na kuurudishia mlango nyuma yake.