Makochi ya Bwana Shamba

Mwaka 1996, wakati malori ya mashirika ya wakimbizi yakiigeuza barabara ya Kibondo kuwa unga mwekundu, Venanti alibakiza miezi michache astaafu ubwana shamba. Nyumba ya serikali aliyokaa pale Kibondo miaka yote ya kazi ilikuwa na vyumba vinne. Nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kijijini Kitanga upande wa Kasulu, ilikuwa na viwili na sebule ya kugusana magoti.

Mkewe Pelagia alikuwa amezipima zote mbili kwa macho, na hesabu haikumpa usingizi.

"Baba Kezia, vitu hivi tupunguze."

"Tutapunguza," alisema Venanti, ameegemea friji la mafuta ya taa ambalo liliacha kugandisha zamani na sasa lilitunza soksi.

Na kweli alipunguza, kwa namna yake. Kochi refu alimpa mdogo wake Stanislaus. Kabati la vioo, lenye vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuonekana anastahili kuvinywea, alimpa jirani yao Asia, muuza vitenge. Meza kubwa ilikwenda kwa Esteri wa kwaya. Kila kitu kilitolewa kwa hotuba, na watu wakapiga makofi. Kwa siku kadhaa Venanti alitembea mjini kama mtu aliyejenga zahanati.

Kisha akaanza ukaguzi. Kwa Stanislaus alikuta kuku amelalia mayai juu ya kochi, ametulia kama bibi harusi.

"Stanislaus! Mimi nilikupa kochi au kiota?"

"Kochi, kaka."

"Kwa hiyo huyu ni mgeni wako?"

"Ego," alijibu Stanislaus, yaani ndiyo, maana hakuona jibu lingine.

Kwa Asia vikombe vilikuwa vinatumika. Watoto walikuwa wanavinywea uji, tena wa asubuhi ya kawaida, wala si Idi! Venanti alishika kifua. Kwa Esteri meza ilikuwa imekatwa miguu ili itoshe chini ya dirisha, na hapo Venanti aliketi sakafuni mpaka Esteri akamletea maji.

Wiki hiyo hiyo vitu vyote vilirudi. Asia alileta kabati mwenyewe, vijana wawili wamelibeba, akalitua barazani.

"Bwana Shamba, chukua chako. Umekuja kulitazama mara nyingi kuliko wateja wangu wanavyokuja dukani. Watu wameanza kuuliza kama umenioa."

Pelagia, aliyekuwa anachambua maharage, alicheka mpaka akamwaga ungo. Venanti hakucheka. Alikuwa anahesabu vikombe.

Siku ya kuhama, lori lilijaa hadi dereva akagoma kupakia mabomba mabovu ya kupulizia dawa. Venanti aliyapakata mwenyewe safari nzima. Kufika Kitanga, kabati lilikataa kupita mlangoni. Pelagia alishauri libaki nje. Venanti akamwita Ndihokubwayo, fundi wa pale kijijini, abomoe fremu, na nyumba mpya ikaanza maisha na tundu. Makochi yaliingia, friji likaingia, meza isiyo na miguu ikapandishwa juu ya friji. Kitanda hakikupata nafasi ya kulazwa, kikasimamishwa ukutani.

Jumapili iliyofuata wanakijiji walikuja kumpokea. Hakukuwa na mahali pa kuweka hata unyayo. Nyumba yenye makochi kuliko zote Kitanga ilibidi iazime mabenchi ya kanisa, na wageni wakakaa uani, jua likiwapiga utosini. Venanti alisimama ndani, dirishani, akawaeleza kochi lake limetengenezwa kwa mninga mtupu.

"Basi tutoke nalo tulikalie," alisema mzee mmoja.

"Hapana, vumbi."

Siku ile ile Pelagia alibeba mkeka, blanketi na sanduku lake moja, akahamia jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Hakugombana. Alifagia, akatandika, akalala usingizi ambao hakuulala tangu hesabu zile za Kibondo.

Venanti alibaki na mali yake. Alilala amekunja magoti kwenye kochi fupi, maana lile refu lilikuwa limelaliwa na godoro, na kila akigeuka kitu kilimwangukia. Mwezi wa kumi na moja mvua zikashika. Maji yalipita kwenye lile tundu la mlango, yakaingia chini ya makochi, na mchana mmoja harufu ya sufi iliyolowa ikamtoa nje. Alisimama mbele ya jiko, anatiririka maji.

"Mama Kezia, kuna nafasi humo?"

Pelagia alikuwa anageuza mahindi ya kuchoma. "Ipo. Ila uingie peke yako."

Venanti akainama kuingia. Mkononi alishika kikombe kimoja, amekifunga kwa leso. Pelagia alimtazama, akamtazama, mpaka Venanti akatoka tena mvuani kukirudisha.