Kaburi Tupu la Mulongwe

Tarehe 31 Machi 1956, kesho yake ikiwa Pasaka, Padri alikuja Mulongwe kupima kama mimi, mjane niliyeanza kusoma mwaka 1949, nilifaa kuwafundisha watoto wadogo katekisimu. Nilikuwa nimemlaza Yesu wa udongo ndani ya chungu na kukifunika kwa jiwe. Watoto walipofumba macho kusali, nilimtoa upesi nikamficha katika kilemba changu cha heshima. Kisha nikaondoa jiwe kwa madaha.

“Yesu iko wapi, watoto?” Padri akauliza.

Nilingojea waseme amefufuka. Binti mdogo kuliko wote akasimama.

“Ni Mama alimwiba, Padri! Minye sikufunga macho.”

Nikainama nimkemee kwa kusema uongo, na Yesu akaanguka miguuni pa Padri.