Mbao Imekunywa Maji

Mama yangu ana lugha mbili, na kila moja ina kazi yake. Akikubali jambo, hukubali kwa Kinyarwanda, polepole, na "yee" nyingi katikati. Akikataa, hukataa kwa Kiswahili. Alikulia ukimbizini Karagwe, Tanzania, akauza ndizi sokoni huko tangu akiwa msichana, na ndiko alikogundua kwamba Kiswahili kinamwezesha mtu kusema hapana na mteja asirudi kuuliza. Mimi mwenyewe Kiswahili changu nimekipata kwa kukataliwa. Neno la kwanza likitoka kwa lugha hiyo, najua mambo yameharibika.

Nyumba yetu ilikuwa Kimisagara, Kigali, juu kabisa mlimani, pale ambapo pikipiki hugoma na abiria humalizia kwa ngazi. Baba aliuchonga mlima kupata kiwanja, na nyuma ya nyumba ukabaki ukuta wa udongo mwekundu, mrefu kuliko bati. Alikuwa seremala. Alijenga kwa matofali ya udongo, akapiga plasta, kisha akatengeneza mlango mzito ambao wageni waliusifu kabla ya kusifu chai. Alifariki mlango ukiwa bado unafunga vizuri.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Watoto wanapenda kiini cha dunia kwa sababu kina moto. Wanapenda volkano zetu za kaskazini, na wanazichorea moshi hata zile zilizolala. Tukifika kwenye udongo, darasa zima linapiga miayo, na hilo huniudhi sana. Hakuna mtu Kimisagara atakayeuawa na kiini cha dunia. Kinachotukaa mgongoni ni udongo, tena wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kwenye mteremko, kila unapovimba na kusinyaa unatua chini kidogo ya pale ulipokuwa. Hauporomoki, unatambaa. Ubaoni huwa nachora dalili zake: nguzo ya umeme iliyoinama, uzio uliopinda, mlango uliokwama. Kisha nilikuwa nafuta ubao, nashuka bondeni, napanda kwetu na kuusukuma mlango wetu kwa bega.

Ulianza kukwama wakati wa masika. Nilichukua randa ya baba nikaupunguza ubavuni, mama akiwa amesimama na ufagio.

"Mbao imekunywa maji," alisema. Kwa Kiswahili.

Masika yaliyofuata nikapiga randa tena, na vuli pia. Nilimwonyesha ufa uliotoka kwenye kona ya fremu ukapanda mshazari hadi darini. Akaniambia plasta zote duniani zina nyufa. Nilimweleza juu ya mfinyanzi, nikamchorea kwa kidole kwenye unga mezani. Alinisikiliza hadi mwisho, akausawazisha unga kwa kiganja, akaendelea kupika ugali. Nilipotaka kuleta mlango mpya, mwembamba, alinuna siku nzima. Mlango wa mumewe haungetoka pale, ingawa kila mwaka nilikuwa nikiufagilia nje vipande vipande.

Kisha akaja mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa mtu wa adabu, aliyekulia Burundi, na alivua kofia kabla ya kuupaka ukuta wetu alama ya msalaba.

"Mama, hapa ni kwa manegeka," alisema, akitumia neno letu la miteremko isiyokalika. "Mulima iko nashuka. Mutoke mbele ya mvua."

"Karibu chai, baba," mama akamjibu kwa Kiswahili. "Kuhama, hapana."

"Majirani wote banaanza kutoka."

"Wasafiri salama."

Alipoondoka nilimkasirikia mama kama nisivyowahi kumkasirikia. Nilimwambia anataka tufe kwa ajili ya mbao. Hakupandisha sauti.

"Nilitoka Rwanda nikiwa mgongoni mwa mama yangu," alisema. "Nikatoka Karagwe wewe ukiwa mgongoni mwangu. Sasa nitoke tena, nifukuzwe na mlango?"

Nilikuwa nimepata nyumba ya kupanga mahali tambarare, na mwenye nyumba alikubali kuningojea, lakini mama hakutaka hata kwenda kuiona. Kuondoka peke yangu nisingeweza. Kumbeba kwa nguvu nisingethubutu. Majirani walishuka na magodoro yao, nyumba zao zikabomolewa, na sisi tukabaki juu kama jino moja. Nilinaswa, na aliyeninasa ndiye niliyempenda kuliko watu wote.

Jambo moja tu niliweza kulifanya. Nilimwomba mama tubadilishane vyumba. Yeye ndiye aliyekuwa akilala nyuma, upande wa ukuta wa udongo. Nilimwambia nataka utulivu wa kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Alinitazama kidogo, akanipa ufunguo. Tangu hapo nililala roho juu, nikisikiliza punje za udongo zikigonga bati.

Mvua ikaisha, kiangazi kikaingia. Vumbi likatanda Kigali nzima na nikaanza kupumua. Jumamosi moja nilikwenda Biryogo kuchukua suruali kwa fundi, nikala sambusa, nikarudi jua likiwa kali. Niliusukuma mlango, haukufunguka. Nikaweka bega. Ulikuwa umekaza juu na chini, kana kwamba nyumba imefumba mdomo.

"Toa komeo, mama."

"Limetoka," alisema kutoka ndani.

Nilirudi nyuma nikaujia kwa kasi. Nikaumia bega, mlango haukutikisika. Madirisha yote yalikuwa na nondo, ambazo baba alizichomelea kuzuia wezi. Mlango ulikuwa huo mmoja. Mama alikuwa ndani, ukuta wa udongo nyuma yake, na mimi nje na suruali yangu mpya kwapani.

Nilisubiri aseme mbao imekunywa maji. Majibu yote nilikuwa nayo: kiangazi, jua, vumbi, maji gani. Mdomo ulikuwa tayari kabisa.

Hakusema. Nilisikia kiganja chake kikiupapasa mlango kwa ndani, kuanzia chini kwenda juu, hadi kwenye kona ya fremu. Kikatulia hapo. Ndipo aliposema, kwa Kinyarwanda:

"Ni umusozi."

Ni mlima. Neno hilo nilikuwa nimelipigania misimu mingi, na nilidhani nikilisikia nitajiona mshindi. Haikuwa hivyo. Kumbe hata mimi mwenye ubao na chaki nilikuwa nimeiegemea ile mbao yake. Maadamu alikuwa akikataa, palikuwa na mtu mmoja duniani aliyeamini kwamba tuko salama.

"Vunja," akasema, bado kwa Kinyarwanda.

"Mlango wa baba?"

"Yee. Vunja."

Shoka la baba lilikuwa jikoni, nje. Nilipiga ubao wa katikati, nikasimama kidogo, nikapiga tena. Ulipopasuka niliona kwamba ndani ulikuwa mkavu kabisa, rangi ya biskuti. Niliendelea hadi pakapatikana tundu la mtu kupita.

Kilichotangulia kutoka hakikuwa mama. Ulikuwa mfuko, ule wa zamani wa Karagwe, zipu yake imekufa na mdomo umefungwa kwa kipande cha kitenge. Ulikuwa mzito. Kati ya nguo zilizokunjwa alikuwa ameweka majani ya mkaratusi kuzuia wadudu, na nilipoupokea majani yalivunjikavunjika yakanimwagikia mikononi kama unga. Majani hayakauki namna hiyo kwa siku moja.

"Mama, mfuko huu umeufunga lini?"

Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje, unatafuta ardhi.

"Siku ile uliyoomba chumba cha nyuma," alisema. "Kufunga nilifunga. Kutoka ndiko kulikonishinda. Nishike mkono."