Roketi Niliyoijenga Gachoka

Mke wangu alinitumia roketi ndogo ya kujiundia mwaka wa pili baada ya kwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Ililetwa na binamu yake ndani ya sanduku jembamba: bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, parachuti ndogo nyekundu, na kipande cha mbao nyepesi sana cha kuchonga mapezi, vibawa vya kuinyoosha ikiruka. Zamani, tukiwa wachumba, nilimwambia kwamba nikiwa mtoto kule Mitunguu nilitamani kurusha kitu kipite juu ya migomba yetu. Sikujua kwamba alikuwa akisikiliza.

Nafundisha fizikia Gachoka, nimepanga chumba kwa mjane mmoja mzee ambaye sote humwita Cucu, yaani nyanya. Likizo ya Agosti walimu wenzangu walienda makwao. Mimi nilibaki, maana sikutaka kulala peke yangu katika nyumba tuliyoijenga wawili.

Nilikata mapezi matatu, nikayapiga msasa, nikayabandika kwenye bomba kwa gundi ya mbao. Injini hazikuwemo, kwa sababu ni za baruti na haziruhusiwi kwenye ndege. Rafiki anayefundisha Embu alinipa mbili zilizobaki katika klabu yao ya sayansi. Kila moja huwaka mara moja tu.

Ya kwanza niliitumia asubuhi moja katika uwanja wa shule. Roketi ilifika kama nusu ya mnara wa simu, pezi moja likang'oka, ikapinda na kuanguka kwenye mawe. Nilitazama huku na huku nione kama kuna aliyeniona. Hapakuwa na mtu, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni mke wangu alipiga simu.

"Imeruka?"

"Pezi limetoka. Nitaiimarisha."

"Uko na muda?"

"Muda ndio ninao."

Akashusha sauti. "Nataka kukuambia kitu, usikasirike. Nimeongeza mkataba. Miaka miwili."

"Umeshatia sahihi?"

"Wiki iliyopita."

Nilimwambia ni sawa. Nikamuuliza kuhusu baridi ya huko.

Siku zilizofuata niliishi na gundi. Nilikata mapezi mapya, nikayavika karatasi ya daftari iliyopakwa gundi pande zote mbili, nikayalaza chini ya vitabu yakauke yakiwa yamenyooka. Nikalikwaruza bomba ili gundi ishike. Baada ya kuyabandika, nilipitisha gundi kwa kidole kwenye kila kiungo, tabaka juu ya tabaka, nikingoja kila moja ikauke. Kazi haikuwa ngumu. Kungoja ndiko kulikonishinda, kwa kuwa nikingoja nilikuwa nasikia maneno yale: wiki iliyopita. Wiki nzima tulikuwa tumeongea kila siku.

Cucu aliingia na sahani ya ndengu na chapati.

"Mwalimu, ni nini hiyo unabembeleza hivyo?"

Nikamweleza.

"Na bibi yako anarudi lini?"

"Bado miaka miwili, Cucu."

Hakunipa pole. Alivuta kiti, akakaa mpaka nikamaliza kula.

Jumamosi alikuja nami uwanjani na mwavuli wake wa kanisani. Niliunganisha nyaya za betri na injini ya mwisho, tukarudi nyuma, nikabonyeza swichi. Roketi ilipanda wima, ikilia kama kitambaa kinachoraruliwa, ikawa nukta. Kisha parachuti ikafunguka, na upepo ukaisukuma polepole kuelekea mashambani.

"Ngai! Mungu wangu!" Cucu alisema, akanishika mkono.

Tuliikuta katika shamba lililokwisha kuvunwa. Mapezi yote matatu yalikuwa mahali pake.

Nilimwandikia mke wangu: "Imeruka. Imeshika." Alijibu alasiri, akitoka zamu: "Nimefurahi sana! Nitumie video."

"Nilisahau kurekodi," nikaandika.

Sikuwa nimesahau. Simu ilikuwa mfukoni wakati wote. Nilitaka tu, mara hii moja, ajue kuna kitu kilichompita.